Mwanamume jikoni: mgeni au mwanafunzi?

Mtu akipita katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa siku ya harusi, hakosi kukutana na jambo ambalo limezoeleka mno hata halimshangazi mwenyeji. Uani, au katika kiwanja kidogo kilicho baina ya nyumba mbili, masufuria makubwa yametelekwa juu ya mawe, moto wa kuni unanguruma chini yake, na waliouzunguka moto huo ni wanaume. Wao ndio wanaokaanga vitunguu mpaka vikageuka rangi. Wao ndio wanaojua ni wakati gani mchele utiwe juu ya nyama. Wao ndio wanaopalia makaa juu ya kifuniko ili pilau ikauke bila ya kuungua. Hapana anayewacheka. Kinyume chake, mpishi wa pilau ni mtu mwenye heshima zake, huwekewa miadi mapema, hulipwa ujira wake, na sifa zake hutajwa kutoka Kibokoni hadi Majengo.

Wala si pilau tu. Anayezunguka na dele la kahawa jioni ni mwanamume. Anayekoroga halua kwa saa nzima nzima juu ya moto, mpaka mikono ikamwuma, ni mwanamume. Anayechoma mishkaki na kukaanga viazi karai giza linapoingia ni mwanamume mara nyingi zaidi kuliko mwanamke. Na katika majahazi yaliyokuwa yakitia nanga Bandari ya Kale kutoka Lamu, Arabuni na Ghuba, ambamo mabaharia wote walikuwa wanaume, aliyewapikia wenziwe chomboni alikuwa nani ila baharia mwenzao?

Lakini mwanamume wa mji huu huu akivuka kizingiti cha nyumba yake, ghafla hajui chumvi ilipo. Mikono iliyokuwa hodari uani kwa jirani huwa mizito katika jiko la nyumbani, na chai inayochemshwa na mama wa watoto tangu alfajiri huwa ni elimu ngumu isiyoweza kufikiwa na baba. Hicho ndicho kitendawili ninachotaka kukitegua leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa naamini jawabu lake linatuhusu darasani kama linavyotuhusu nyumbani.

Jawabu langu, kwa ufupi, ni hili. Ubovu wa mwanamume jikoni hautokani na maumbile, kwani maumbile hayabadiliki kwa kuvuka kizingiti. Unatokana na cheo anachoingia nacho. Mwanamume huweza kuingia jikoni akiwa mgeni, na huweza kuingia akiwa mwanafunzi. Wote wawili wataharibu mchuzi siku ya kwanza. Lakini ubovu wa mwanafunzi hupungua siku baada ya siku, ilhali ubovu wa mgeni hubaki pale pale mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mgeni hatarajiwi kujua kitu. Sisi walimu, ambao kazi yetu ni kutofautisha kosa la anayejifunza na kosa la asiyekusudia kujifunza, tusingepaswa kushindwa kuwapambanua watu hawa wawili.

Mwenzangu ni mtu mwema. Nalitanguliza neno hili nisije nikadhaniwa kuwa nimekuja gazetini kumshtaki. Yeye mwenyewe ameyasoma makala haya kabla ya kumfikia mhariri, na alilolipinga ni jambo moja tu, idadi ya nazi, nami nimelisahihisha. Ni karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na tangu tulipooana alikuwa na ada ya kuingia jikoni kunisaidia kila alipoona nimechoka, hasa katika mwezi wa Ramadhani, ambapo jiko la Mswahili halipoi kutoka alasiri hadi magharibi. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake ndiyo yaliyokuwa na maneno.

Tuchukue nazi, ambayo ndiyo roho ya mapishi yetu. Kukuna nazi juu ya mbuzi huonekana ni kazi nyepesi kwa asiyewahi kuikalia. Mkono unatakiwa uizungushe nazi kidogo kidogo, meno ya mbuzi yaguse nyama nyeupe peke yake, na mkunaji asite kabla hajafikia ule utando wa hudhurungi ulioshikana na kifuu. Mwenzangu alizikabili nazi mbili za futari kwa nguvu za mtu anayefungua sanduku la shehena. Akakuna mpaka akagonga kifuu, na tui likatoka na rangi ya maji ya mtaro. Kisha akayakamua maji yote katika bakuli moja. Sasa, kila aliyelelewa jikoni mwa pwani anafahamu kwamba tui jepesi ndilo linalotangulia kukivivisha chakula, na tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, likakorogwa taratibu lisije likakatika. Ukishayachanganya, huna tena la kutangulia wala la kumalizia.

Siku nyingine aliamua kuosha vyombo. Mama mkwe wangu, ambaye sisi Wamvita tunamwita mavyaa, alikuwa amenipa chungu chake cha udongo cha kupikia samaki, chungu kilichokwisha kukolea mafuta na viungo kwa miaka mingi. Mwenzangu alikisugua kwa sabuni ya unga na waya wa chuma mpaka kikang'aa, akakianika dirishani kwa fahari. Udongo hunywa. Samaki tuliowala wiki ile walikuwa na harufu ya dobi.

Lakini nazi na chungu ni mambo madogo. Lililochosha zaidi lilikuwa ni maswali. "Mwalimu, bizari nyembamba iko wapi? Mwalimu, moto huu ni mwingi ama ni kidogo? Mwalimu, kijiko cha kulia ama cha chai?" Ilikuwa lazima nisimame mlangoni nikimwongoza mkono kwa mkono, kazi ambayo ilinichukua muda mrefu kuliko kupika mwenyewe. Na alipomaliza, alitoka akiliacha nyuma yake jiko lililojaa maganda, matone na masufuria matano ambapo mimi ningetumia mawili, akaniuliza kwa moyo mkunjufu kabisa, "Leo nimekupumzisha, sivyo?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kazi ya jikoni si ile ya mikono peke yake. Ni kukumbuka kwamba vitunguu vitakwisha keshokutwa. Ni kujua kwamba mtoto mmoja hali bamia na kwamba mzee amekatazwa chumvi. Ni kupima saa ili wali usipoe kabla samaki hajaiva. Na ni kuosha, kupangusa na kurudisha kila chombo mahali pake. Anayekuja kukoroga mara tatu kisha akaondoka hajaugusa mzigo huo. Msaada hupimwa kwa kilichomwondokea anayesaidiwa, haupimwi kwa jasho la anayesaidia. Kwa kipimo hicho, wanaume wengi wenye nia njema huwaachia wake zao kazi zaidi ya waliyoikuta, kisha wakastaajabu mbona hawashukuriwi ipasavyo.

Watu huniambia, "Mwalimu, hiyo ni mila yetu, mwanamume wa Kiswahili hapiki." Basi na tuitazame hiyo mila. Katika nyumba za wenye uwezo za Mombasa ya zamani, mke mwungwana hakuwa akiinama juu ya mafiga peke yake kutwa. Kazi nzito za nyumba zilifanywa na watumwa, mpaka hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Walipoondoka wale waliotwishwa mzigo huo bila ya hiari yao, mzigo wenyewe haukuondoka. Mama wa nyumba ndiye aliyeurithi. Kwa hivyo hali hii ya mke mmoja kupika, kuosha, kulea na mara nyingi kwenda pia kazini, katika nyumba kama hizo si ya tangu na tangu kama inavyodaiwa. Katika siku hizo hizo za ukoloni, nani alikuwa akipika katika nyumba za Wazungu wa mjini, katika hoteli na katika meli? Ni wanaume, waliokwenda huko kwa mshahara. Waliporudi kwao jioni, walikaa wakapikiwa.

Kwa maneno mengine, hatujawahi kuona aibu mwanamume kupika. Tunaona aibu mwanamume kupika bila ya malipo na bila ya kutazamwa. Pilau ya harusi ina ujira na ina sifa. Uji wa mtoto mgonjwa saa nane za usiku hauna ujira wala sifa.

Wengine huikimbilia dini. Hapa nitasema machache, kwa kuwa wapo wanavyuoni wa kuyaeleza kwa ukamilifu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala unapofika. Aidha, wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, wameeleza kwamba kupika na kufua si wajibu unaomlazimu mke kwa sababu tu ya kufungwa nikaha. Akifanya, amefanya kwa ihsani na kwa mapenzi. Sijamsikia mtu akiitumia hoja hiyo barazani wakati kahawa inapozunguka.

Wapenzi wa fasihi nao watanikumbusha Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa katika maradhi, ili kumwusia bintiye juu ya maisha na juu ya kumtunza mume. Ni utungo mtukufu, na simtaki mwanafunzi yeyote aupuuze. Lakini kila mwaka ninapoufundisha huinuka mkono mmoja nyuma ya darasa, na swali huwa lile lile: usia wa mtoto wa kiume uko wapi? Naliona kuwa swali la haki. Tumemwusia binti kwa karne na zaidi namna ya kuishi na mume. Kijana tumemwusia nini juu ya kuishi na mke, ila aingie nyumbani akute chakula chini ya kawa?

Shule zetu zilijaribu kulijibu swali hilo, kwa kiasi chake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansi Kimu ilifundishwa katika shule za msingi kwa wavulana na wasichana pamoja, na ikatahiniwa katika KCPE. Wapo leo wanaume wa makamo waliokariri shuleni aina za moto na namna ya kuosha sufuria, wakapata alama nzuri, na hawajaosha sufuria tangu siku ile. Masomo yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo likaondolewa kwenye mtihani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ukalirudisha, na katika mabadiliko ya 2024 mambo yake yakaunganishwa na kilimo katika somo la Kilimo na Lishe. Yote hayo ni mema. Lakini mwalimu hufundisha kwa dakika chache za kipindi, na nyumba hufundisha kila siku. Mvulana aliyefundishwa shuleni kwamba kupika ni kazi ya binadamu wote, akirudi nyumbani akamkuta dada yake peke yake ndiye anayeitwa jikoni, ataliamini somo gani?

Na hapa ndipo penye gharama ambayo hatuihesabu. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia katika kazi za nyumbani na za malezi zisizo na malipo zaidi ya mara nne ya muda wanaotumia wanaume. Takwimu hiyo kwa mwalimu si jambo la kwenye karatasi. Mimi huiona kila Ramadhani na kila msimu wa harusi katika madaftari ya wanafunzi wangu. Insha ya mvulana imekamilika. Insha ya dada yake, ambaye huenda ana akili zaidi yake, imekatika katikati ya aya ya tatu, na nikimwuliza sababu hunijibu kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nasaidia nyumbani, Mwalimu." Baba asiyejua kupika na kaka asiyejua kuosha hawakai bure. Yuko anayewalipia, naye hulipa kwa saa za masomo yake.

Nayasema haya kwa kuwa jambo hili lilibisha hodi nyumbani kwangu. Miaka michache iliyopita, katika muhula wa mwisho wa mwaka ambao binti yetu alikuwa Kidato cha Nne, niliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu. Anayezijua nyumba za Mji wa Kale anajua namna ngazi zake zilivyo nyembamba na zilivyo wima. Nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, nikafungwa plasta kwa wiki sita. Jamaa walikuja kunipa pole, na baada ya pole likazuka suala la chakula. Wifi yangu, kwa wema wake, aliona halina uzito. "Msichana mkubwa yupo," alisema, "wasiwasi wa nini?"

Palipita kimya kidogo. Binti yetu alikuwa ameketi pembeni na kitabu chake cha Kemia, naye hakuinua uso. Ndipo mwenzangu aliposema, "Mtihani wake ni wa mara moja. Mimi nitapika." Wifi akacheka, akidhani ni mzaha. Mavyaa hakucheka. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akasema, "Basi njoo kesho alasiri nikuonyeshe, maana hujui kitu."

Kesho yake alikwenda, naye si mgeni tena. Mavyaa, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, aliketi kwenye kiti chake akamkalisha mwanawe juu ya mbuzi kama anavyokalishwa mtoto wa miaka minane. Alipofika kwenye kifuu alipigwa kikofi cha mkono. Hakufundishwa mapishi kumi. Alifundishwa kukamua tui la kwanza na la pili na kuyaweka mbali mbali, akaambiwa arudi atakapoyajua. Naye, kwa kuwa ni karani, alinunua daftari akawa anaandika: mchele kikombe kimoja, tui vikombe viwili, chumvi kabla ya mchele, usifunue sufuria kila mara.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza tulikula wali ambao juu ulikuwa mbichi na chini umekuwa mkaa. Sima ilikuwa na madonge ambayo mwanangu wa kiume aliyahesabu kwa sauti. Siku moja tui lilikatika, mchuzi ukawa kama maziwa yaliyoganda, na mwenzangu akatoka kwenda kununua mikate na maharagwe bila ya kusema neno. Mimi, mkono wangu ukiwa shingoni, niliketi chumbani na sikwenda kusimama mlangoni kumwongoza. Alikuwa na mwalimu wake, na mwanafunzi mwenye walimu wawili hujifunza kulaumu, hajifunzi kupika.

Kufikia wiki ya nne mambo yalikuwa mengine. Alikuwa akienda Marikiti mwenyewe asubuhi kabla ya kazi, na alikwisha kujua kumchagua samaki kwa kumtazama macho na kumfunua mashavu aone wekundu wa ndani. Hakuwa akiuliza tena bizari iko wapi. Jioni moja nilimsikia akimwambia mwanawe, "Vitunguu havitafika Alhamisi," na moyo wangu ukatulia kuliko ulivyowahi kutulizwa na chakula chochote, kwa sababu hilo ni neno la mtu aliyeubeba mzigo wenyewe. Na yule kijana aliyekuwa akihesabu madonge alikwisha kuanza kuketi kando ya babaye akimenya vitunguu saumu, bila ya kuitwa na mtu.

Matokeo ya mtihani wa binti yetu sitayataja hapa, kwani mtihani hufaulishwa na mambo mengi na sitaki kuyapa madonge ya sima sifa isiyo yake. Nitataja hesabu nyingine. Chakula cha jioni nyumbani kwetu, kuanzia kukuna nazi hadi kuosha sufuria ya mwisho, huchukua kiasi cha saa tatu. Siku sita za wiki, kwa wiki sita, ni saa 108. Mwalimu mwenzangu, nakuachia ukadirie mwenyewe mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kufanya nini kwa saa 108, na asipokuwa nazo anakosa nini.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kicheko. Mwanamume akionekana na kikapu au na upawa, hakosi wa kusema kwamba amekaliwa, au kwamba amelishwa limbwata. Mwenzangu aliyasikia hayo barazani. Jibu lake lilikuwa kwamba ikiwa limbwata ndilo linalomfanya mtu asome saa vizuri na kulisha watoto wake, basi na lisambazwe msikitini. Kicheko hicho kina nguvu pale tu kinapomkuta mtu anayejionea haya.

Pingamizi ya pili hutoka kwetu wanawake, na haifai kufichwa. Wapo wanaoliona jiko kuwa ndiyo milki yao ya pekee, na mume akiingia huona kama ananyang'anywa. Wapo akina mama wanaowafukuza wana wao wa kiume kwa upawa, kisha wanalalamika kwamba wakwe zao hawana msaada. Nawaelewa. Mtu ambaye hakupewa enzi popote hushika sana pale alipopewa. Lakini enzi isiyokuwa na siku ya mapumziko ni utumishi uliovikwa kanga nzuri. Hata sheria ya nchi imelitambua jambo hili: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inazihesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa ni mchango katika kuchuma mali, ingawa inamwachia Mwislamu nafasi ya kufuata sharia ya dini yake. Kilichohesabiwa kuwa mchango ni kazi, na kazi huweza kugawanywa.

Pingamizi ya tatu ni ya wanaume wenye nia njema, wanaosema, "Nilijaribu, nikaambiwa naharibu." Ndugu yangu, hapana mpishi ambaye hakuharibu. Mpishi wa pilau unayemstahi alianza kwa kupeta mchele na kuchochea moto wa mtu mwingine, na aliungua na kutukanwa kabla hajashika mwiko. Alichokuwa nacho ni kwamba kesho yake alirudi. Wewe umejaribu mara moja, ukaacha, ukaiita mara hiyo ushahidi.

Wahenga wetu walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Sisi walimu tunaipenda methali hiyo. Tunaitoa katika mitihani na kuwataka wanafunzi waiandikie insha juu ya umoja na ushirikiano, na insha nzuri huja zikiwa na vyama vya ushirika, harambee na ujenzi wa taifa. Mara chache sana mwanafunzi hukumbuka kwamba jifya ni jiwe la jikoni. Muhula huu napendekeza tuirudishe mahali ilipozaliwa. Kila mvulana darasani apewe mlo mmoja wa wiki kuwa wake, na usiwe wa kusaidia. Aupange yeye, aununulie vitu yeye, aupike, auandae mezani au mkekani, kisha aoshe kila chombo na kukirudisha mahali pake. Aandike katika daftari kilichoharibika na alichofanya wiki iliyofuata. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa wazazi ombi langu ni moja zaidi. Kijana huyo akikuletea wali ulio mbichi juu na mkaa chini, msimcheke na msimpokonye mwiko. Kuleni mnachoweza, mumwambie kilichokosekana, na jioni ya wiki ya pili mwiteni tena. Dada yake mwacheni na vitabu vyake.